Diski Niliyoisingizia Kifo

Jumatano, Karatu. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, na saa kumi hii bado nimevaa sweta dukani kwangu, ninapotengeneza kompyuta. Wateja ni wachache. Ningependa wawe wengi, nisipate nafasi ya kufikiri.

Jana nilimdanganya Mwalimu Safari.

Ni mwalimu mstaafu wa Rhotia. Laptopu yake ina mifumo miwili: Windows, ambayo binti yake anaitumia kwa kazi za utalii, na Linux, aliyowekewa na mpwa wake. Ukiiwasha inakuuliza unataka kuingia upande gani. Upande wa Linux ndiko alikohifadhi sauti ya marehemu baba yake akitoa slufay, ile sala ya baraka ya Wairaqw ambayo mzee anaomba na watu wanaitikia. Jumamosi ijayo mjukuu wake anaolewa, na walipanga kuisikiliza ukoo mzima.

Mwezi uliopita aliniomba nimfanyie bekapu ya mashine nzima. Nilipoanza, diski yangu ya nje ilikuwa karibu kujaa, umeme nao unakatika kila mara, nikachukua nakala ya upande wa Windows tu. Nikamwambia, "Kila kitu kiko salama, Mwalimu." Nilikusudia kumalizia siku nyingine. Sikumalizia.

Juzi Windows ikagoma kuwaka. Nilirudisha ile nakala huku nikipiga soga na mteja wa fotokopi, na programu iliponiuliza niirudishe wapi, nikachagua diski nzima badala ya sehemu ya Windows tu. Windows iliwaka vizuri kabisa. Lile swali la kuchagua upande halikutokea tena: upande wa Linux nilikuwa nimeufuta.

Nikaichomoa diski, nikafunga nyingine niliyokuwa nayo, nikaiwekea Windows yake. Mwalimu alipokuja jana, nikasema ya zamani imekufa, na sauti ya mzee imekwenda nayo.

Alikaa kwenye benchi. Kisha akasema, "Pole mwanangu, nimekusumbua sana. Hiyo itupe tu." Akaniachia maharage aliyonibebea kutoka shambani kwake.

Mimi ndiye niliyepewa pole!

Diski haijafa. Iko kwenye droo yangu. Yuko fundi Arusha ambaye huenda akaokoa mengi, maana sijaandika kitu kingine juu yake. Lakini ningeipelekaje bila kumwambia mwenyewe kwamba ni nzima?

Leo mchana niliipekua kwa programu ya kuokoa mafaili. Ikatoa kipande cha sauti cha sekunde tisa. Watu wanaitikia kwa pamoja, wengi, kwa furaha. Mzee hasikiki.

Nikampigia simu kabla woga haujanirudia. Nikasema yote: bekapu ya nusu, kosa langu, uongo wangu.

"Kwa hiyo jana nilipokupa pole, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mwalimu."

Hakukata simu. Angenifokea ningepata nafuu. Aliuliza tu basi la kwanza la Arusha linaondoka saa ngapi, akasema kesho tutakwenda wote, na nisiiguse tena hiyo diski. Ataibeba yeye mwenyewe.

Maharage yake bado yako chini ya kaunta, sijaweza kuyapika.