Konokono wa Mama

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo, na paa halivuji tena. Unamkumbuka yule konokono mdogo ambaye Baba alimgundua mtoni, marehemu Mama akimshikia ndoo nasi tukirushiana maji, akampa jina la Mama? Jana mwanafunzi wa zamani wa Baba alikuja kumweleza kwamba mtaalamu mwingine alishampa konokono huyo jina miaka mingi kabla, na kwa kanuni zao jina la kwanza ndilo linalobaki. La Mama limefutwa vitabuni.

Baba alicheka. "Futeni tu. Mke ni wangu."

Kisha akanigeukia, akanidhani shangazi. "Dada, mbona mke wangu anachelewa hivi?"

Nilimshika mkono nikasema yuko njiani. Njoo, mdogo wangu. Wewe bado anakutaja kwa jina.

Wako wa tumbo moja