Kadi ya Bima na Kiatu cha Baba

Baba,

Asubuhi nimeona umeweka mguu juu ya kiti ili ufunge kamba ya kiatu. Mgongo umekataa kuinama, nawe ukapiga mluzi ili Mama asijue.

Chakula nimekifunika. Maji ya ndoo ya bluu usiyamwage, nimeloweka shati lako jingine la kazi. ~~Nitarudi mapema.~~ Nitachelewa, kuna nguo za watu za kumalizia kushona.

Nilikuwa jikoni, nikasikia yote uliyomwambia Mama. Kampuni imepandisha tena makato ya bima ya afya, kwa hiyo hutastaafu mwaka huu, utaendelea kurusha ndege ili uyamudu. Mama akauliza, "Na huo mgongo, Mzee?" Ukamjibu, "Ndege inaendeshwa kwa mikono, mke wangu." Mkacheka. Mimi sikucheka, maana kilicho ghali kwenye kadi ile ya bima ni kifua changu.

Unakumbuka wodi ya watoto? Ulikuwa unaingia na kofia yako ya urubani, unatangaza, "Abiria wa kitanda cha dirishani, funga mkanda!" Hata yule muuguzi mkali alijifunga shuka kiunoni. Shule ilinipita nikiwa pale, lakini kucheka nilicheka.

Sasa kifua kimetulia. Dawa ya pumu ya kupuliza nitanunua kwa fedha ya cherehani. Nitoe kwenye kadi, upumzike.

Sikuwahi kukuambia: ukishatoka wodini kwenda kurusha ndege, nilikuwa najifunika shuka nalia. Nilitaka ubaki. Hata leo nataka ubaki.

Kitinda mimba wako