Maombi ya Jumamosi, Kambu

Baba Nzisa,

Huku Ikutha tuko salama, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Kile kitabu cha ibada za kila siku tulichogawiwa kanisani nimekisoma mpaka Novemba, na bado ni Juni. Nilikuwa natafuta siku ya waume wasiorudi nyumbani. Sikuipata, nikamwandikia mhubiri wa redio aniombee. Alisema tutaje majina kamili, nami nikataja. Jumanne akasoma barua yote hewani: jina lako, duka lako la Kambu, hata yule mama wa chapati. Soko zima lilisikia.

Sasa akina mama wa kanisa wamekodi lori. Jumamosi wanakuja kukuombea hapo dukani, na ngoma.

Mimi sitakuja. Ijumaa napika muthokoi. Ukiwahi, utaupata ukiwa moto.

Ni mimi, mkeo bado,
Mbithe