Bibi Alikuja Kumchukua Niwaeli

Mpendwa wangu, Mama Niwaeli,

Nimekaa uani hapa nyumbani Same, upepo unatumwagia vumbi kama kawaida yake. Leo Jumamosi. Nimefua, nimeanika, na friji ya mama mmoja wa mgahawa inanisubiri barazani. Acha isubiri. Nina mengi ya kukusimulia.

Unakumbuka tulivyobishana kuhusu ile siku ya kwanza? Nilipanda milimani, kwenu Mhezi, kutengeneza friji ya duka la mjomba wako, nimevaa kishati chepesi cha mjini, mvua ikanikuta njiani. Ukaniletea sweta la kaka yako. Ukanitazama ninavyotetemeka, ukasema mbele ya watu wote, "Jamani, fundi wa baridi ameshindwa na baridi!" Mpaka mwisho ulishikilia kwamba ulisema kwa huruma. Huruma gani, Mama Niwaeli? Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Nikashuka na lile sweta. Wiki iliyofuata nikalirudisha. Wiki iliyofuata tena nikapanda kuuliza kama lilifika salama. Mama yako akanitazama tu, akaenda kuongeza maji ya chai.

Ni huyo huyo mama yako ninayetaka kukuhadithia habari zake.

Tulipokuzika kwetu Msangeni, wazee walikaa kikao cha kumzungumzia mtoto. Niwaeli alikuwa na miaka minne. Mama yako alisema apande naye Mhezi, akamlee. Dada yangu naye akamuunga mkono. Nikasema nitamlea mwenyewe. Mama yako akasema, "Baba Niwaeli, mtoto wa kike halelewi kwa spana." Watu wakainama. Nikamwomba anipe muda mpaka mavuno. Akakubali, ila kwa uso ule unaoujua, wa mtu anayekubali huku anahesabu siku.

Basi nikaanza. Siku ya kwanza kupika makande nilitia mahindi na maharage chunguni asubuhi, nikategemea saa saba tule. Niwaeli alitafuna, akatafuna, akatoa punje moja mdomoni akaiangalia vizuri. "Baba, haya ni ya kula au ni kete za bao?" Tukala mkate. Nilimvalisha gauni mgongo ukawa mbele, akaenda nalo hivyo hivyo mpaka chekechea kwa sababu, alisema, hakutaka kunivunja moyo. Mchana akirudi alikaa nami bandani ninapotengenezea friji. Baada ya miezi miwili alikuwa anajua bisibisi zote, ananipa kabla sijaomba.

Kwa hiyo kazi zilikwenda. Nyumba ilifagiliwa. Lakini kuna jambo moja sikulifanya, nami sikujua kwamba silifanyi. Sikukutaja. Tangu tulipotoka makaburini, jina lako halikutoka kinywani mwangu ndani ya nyumba hii. Nilidhani namkinga mtoto.

Nikaja kumsikia siku moja uani akimwambia jirani yetu, Mama Tumaini, "Mama yangu alimfukuza tembo kwa mwiko." Mama Tumaini akasema ehee. Nami nikaingilia, kama fundi anayerekebisha kitu kibovu: "Hapana mwanangu, mama hakufanya hivyo." Akanigeukia. "Basi alifanya nini?"

Nilikuwa na mambo yako elfu kifuani, hakuna hata moja lililotoka. Nikaelewa kwamba mwanetu anakusahau, na kwa kuwa mimi simpi chochote, anajitungia.

Mavuno yakafika, na mama yako akafika nayo, bila taarifa, na kiroba cha maharage na ndizi za kutosha mtaa mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Akafunua masufuria. Akachungulia uvungu wa kitanda. Akamkagua Niwaeli nyuma ya masikio. Alilalamikia joto letu toka asubuhi mpaka jua linazama: "Huku hamuishi, mnaokwa." Siku tatu hakusema lolote kuhusu kumchukua mtoto, nami sikuuliza.

Siku ya nne, mchana, tulikuwa tunakula makande, safari hii aliyoyasimamia yeye. Katikati ya chakula Niwaeli akaanza: "Bibi, unajua mama alimfukuza tembo kwa mwiko?"

Nikaangalia sahani yangu. Mama yako akaweka kijiko chini.

"Tembo?"

"Ndiyo bibi. Mkubwa."

Halafu mama yako akasema taratibu, "Si tembo. Alikuwa nyani. Na hakutumia mwiko, alitumia sufuria yangu ya uji. Uji ukiwemo!"

Akacheka. Mama Niwaeli, mama yako alicheka! Alisimulia ulivyokimbia shambani na ile sufuria, una miaka tisa, nyani mbele, wewe nyuma, uji mahindini, yeye nyuma yenu wote wawili akiililia sufuria yake. Alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa machozi kweli, akajifuta kwa ncha ya kanga, akacheka tena. Nami ulimi wangu ukafunguka. Nikasimulia habari ya sweta. Nikasimulia ulivyokuwa ukianzisha wimbo kanisani kwa sauti ya juu mno, mpaka wazee wa besi wanatafutana kwa macho. Kila tukinyamaza Niwaeli anasema, "Nyingine." Makande yakapoa, hakuna aliyejali.

Kesho yake mama yako akafunga vitu vyake. Akaniita pembeni, akanionyesha begi jipya, limekunjwa.

"Hili nililileta la nguo zake."

"Nilijua, mama."

"Hukujua. Kitanda chake nilishakitandika kule." Akalitia lile begi kwapani. "Nilifikiri nikimpata yeye, nyumba yangu itaacha kunyamaza. Lakini naona hapa kuna nyumba. Atakuja likizo. Na wewe uje naye, usiwe unamtuma kama mzigo."

"Nitakuja, mama."

"Na mahindi unaloweka tangu jana yake, baba. Siyo asubuhi unakurupuka."

Hivyo ndivyo tulivyo sasa. Likizo zote tunapanda Mhezi. Mimi hupasua kuni na kutengeneza chochote kilichoharibika, na mama yako siku hizi anaharibu vitu makusudi, nadhani, ili nisiondoke mapema. Tunakutaja kila siku. Wakati mwingine inauma, mara nyingi tunacheka. Juzi maji ya bomba yalitoka ghafla baada ya siku nyingi, nami kwa mazoea nikapaza sauti, "Mama Niwaeli, maji!" Nikabaki nimeganda. Kutoka chumbani Niwaeli akajibu, "Naja na ndoo!" Tukajaza ndoo zote, na masufuria, na beseni, na miguu yetu ikalowa, nikasikia furaha. Nimeona nikuambie hilo, kwamba nasikia furaha, na kwamba haijapunguza hata kidogo kukukumbuka.

Yuko darasa la kwanza sasa. Amekuja hapa akauliza namwandikia nani. Nikamwambia. Hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Mwambie jino la mbele limeng'oka. Na mwambie nimekuwa wa kwanza darasani."

Nimeandika la jino. Hilo la pili, Mama Niwaeli, amekuwa wa tisa.

Anasoma sasa, silabi kwa silabi, kichwa chake begani kwangu. Amefika kwenye "wa ti-sa." Amekasirika. "Baba, andika wa kwanza! Mama hawezi kujua."

"Mama anajua," nimemwambia.

Amefikiri. "Basi mwambie muhula ujao."

Muhula ujao, mke wangu. Ndivyo anavyosema.

Pumzika kwa amani, mpenzi. Huku tunaendelea.

Mumeo,
Baba Niwaeli