Dada Skola, Wameicheka Radi Iliyokuua

Dada Skola,

Nimekasirika. Kila ninayemwambia ananiambia nitulie, kwa hiyo nimeamua kukuandikia wewe.

Yule mchekeshaji wako amekuja Sumbawanga. Yule uliyekuwa unamtazama kwenye simu mpaka maharage yanaungua, ukicheka unapiga paja langu badala ya lako. Ulisema siku akifika huku, hata ukiwa na homa utabebwa uende. Basi amefika. Kulikuwa na tamasha hapa mjini Jumamosi na Jumapili: muziki, vichekesho, na mijadala ya watu wenye mawazo yao. Nilifunga kibanda changu cha mitumba mapema, nikavaa sweta lako la kijani, maana upepo wa miezi hii unaujua, nikaenda. Nilikwenda kwa ajili yako.

Muziki ulikuwa mzuri, sitakudanganya. Nilicheza hata kidogo. Kisha akapanda yeye.

Akaanza: eti kwenye ndege aliomba Mungu wasigongane na ungo. Watu wakacheka. Eti Sumbawanga ukikopa sukari usipolipa, radi inaletwa mpaka mlangoni. Wakacheka zaidi. Eti huku mama mkwe akikuchukia hasemi neno, anatazama mawingu tu. Hapo watu walisimama kabisa, dada. Watu wetu! Wafipa wenzetu wanashikana mabega, wanafuta machozi, wanapiga kelele "rudia!"

Na kwenye viti vya mbele, nani? Baba mdogo. Amevaa koti lake la kanisani, anacheka mpaka anakohoa.

Wewe hukuyasikia aliyoyasema kwenye msiba wako, ulikuwa ndani ya sanduku. Ngoja nikuambie. Asubuhi ile ya radi Mama alikuambia, "Subiri mawingu yapite ndipo uende kupalilia." Ukamjibu kuwa mvua ya kijijini kwetu Msanzi inatisha tu, hainyeshi, ukaweka jembe begani ukaondoka. Nimekukasirikia na wewe kwa hilo, nisikufiche. Mama alilia kwenye msiba akilisema neno hilo hilo: nilimwambia asubiri, nilimwambia asubiri. Baba mdogo akasimama mbele ya waombolezaji akauliza, "Alijuaje, kama hakuituma yeye?"

Alijuaje! Mawingu yalikuwa meusi mpaka kuku wamerudi bandani. Lakini ilipofika jioni hakuna aliyekubali kula kwenye sahani ya Mama. Kabla hatujamaliza matanga wakampigia mawe juu ya bati la nyumba yake. Nikamchukua, nikamleta kwenye chumba changu hapa mjini, Milanzi, na baba mdogo akalima shamba la marehemu Baba mpaka kwenye kizingiti cha nyumba. Mama hajawahi kuliona kaburi lako tangu siku ile.

Kwa hiyo Jumapili nilirudi. Baada ya misa kulikuwa na mjadala chini ya turubai, juu ya utani na heshima ya watu wa mkoa huu. Walikaa wasomi, na yule mchekeshaji naye, miwani juu ya paji la uso. Baba mdogo alikuwepo na wenzake wa Msanzi, maana walikuwa wanagawa soda. Wakasema anayetaka kuuliza anyooshe mkono. Nikanyoosha.

Nikashika kipaza sauti. Nilisema dada yangu alipigwa na radi shambani, na hiyo radi haikutumwa na mtu. Nikasema mama yangu alimwambia mwanae asubiri mvua ipite, kama mama yeyote wa Ufipa anavyosema, na kwa neno hilo akaitwa mchawi akafukuzwa kwake. Nikasema aliyemfukuza jana alicheka sana, na leo yupo hapa, ameshika soda.

Mshereheshaji akasogea. "Dada, swali lako ni lipi?"

"Sina swali," nikasema.

Dada, kimya kile! Ungesikia turubai likipigwa na upepo. Nikamrudishia kipaza sauti nikatoka.

Mchekeshaji alinifuata nje, kwenye jiko la chipsi. "Pole, dada. Sikujua." Nikamwambia angeuliza. Akaapa hatausema tena utani ule. Wiki haikuisha, jirani akanionyesha video yake akiwa mji mwingine: radi ile ile, mama mkwe yule yule, na watu wanashikana mabega. Nilitaka kuitupa simu ya watu. Uliyempenda ndiye huyo.

Jumapili ile nilipofika nyumbani, Mama alikuwa amekwisha sikia. Alinigombeza kama mtoto. "Umenitaja mbele ya watu! Nani alikutuma?" Alinigeuzia mgongo, hakula. Kesho yake, tunachambua mchele, akauliza bila kuniangalia:

"Na walinyamaza wote?"

"Wote, Mama."

"Hata shemeji yangu?"

"Alikuwa anatazama viatu vyake."

Akachambua, akachambua. Mara mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikaweka ungo chini. Mama alikuwa anacheka, Skola. Kicheko chako kabisa, kile cha kukatika pumzi. "Na vilivyo vibaya viatu vyake!" akasema, tukacheka sote wawili mpaka jirani akagonga ukuta.

Jana baba mdogo ametuma mtu. Anasema Mama aje achukue vyombo vyake, maneno yaishe. Maneno yaishe! Nilifungua mdomo nimtukane yule mjumbe, Mama akanizuia. Alijifunga khanga upya, akamkaribisha chai kwanza. Kisha akamwambia taratibu, "Kamwambie shemeji sifuati vyombo. Narudi nyumbani kwangu."

Tunaondoka Jumamosi na basi la asubuhi. Sijui tutapokelewaje. Wanawake wawili wa Msanzi wamempigia Mama simu, wengine hawajasema kitu. Akitulia, mvua zikianza, atapanda mahindi, na mimi nitabaki naye mpaka yaote, kibanda kitanisubiri. Nakuahidi hili: atakayeokota jiwe tena atanirushia na mimi, maana nitakuwa nimesimama mlangoni, na safari hii nitamtaja kwa jina lake mbele ya kijiji kizima.

Hasira yangu haijaisha, na siombi iishe. Wewe pumzika, dada yangu. Mama anakuja.

Mdogo wako,
Leokadia