Mtu Mzima Huulizwa

Saint-Josse, Brussels

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linakuachia ulale, au bado linakuamsha alfajiri? Na yule jogoo wako mkorofi bado anawakimbiza wageni? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila mvua ya huku haina adabu: haingurumi wala haibishi hodi, unajikuta tu umelowa.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako siku hizi hupokelewa na kila mtu, tena kwa spika, na haya nataka uyasome peke yako. Jumapili Kaka Saidi alinipigia. Anasema nyumba ya Korogwe ifungwe, uhamie kwake Dodoma, kwa kuwa umri umekwenda. Anasubiri nikubali ndipo aje kukuchukua. Sijakubali. Ngoja kwanza nikusimulie yaliyonikuta kazini.

Yule bibi ninayemtunza, Bi Doreen, ni Mwingereza aliyeolewa huku ujanani, akabaki hata baada ya mumewe kufariki. Anakaa ghorofa ya tatu, karibu na mtaa wa Matonge, kule ninakonunua kisamvu kwa Wakongo. Ana miaka themanini na moja, lakini usithubutu kumwambia ni mzee. Wiki ya kwanza nilimwita hivyo kwa Kiingereza, kwa heshima zote, akaninunia hadi jioni. Mama, Waingereza wanaliogopa neno lile kama sisi tunavyoogopa kumtaja nyoka usiku. Watasema "senior", kana kwamba mtu kapandishwa cheo. Watasema "mature", neno hilohilo wanalobandika kwenye jibini iliyokomaa. Rafiki yake mmoja alimpongeza eti ni kijana wa miaka themanini na moja, naye akafurahi!

Basi juzi akaja mwanawe, Colin, kutoka London. Bi Doreen alikuwa amejilaza baada ya chakula cha mchana. Colin akanivuta jikoni, akaninong'oneza, "Mum's getting on, you know. We can't leave it much longer." Kisha akatoka kununua mkate.

Kiingereza changu unakijua, ni cha shule na cha kituo cha tramu. "Getting on" kwangu ni kupanda chombo, na "leave" ni kuondoka. Nikaelewa kwamba mama yake anapanda treni, tusichelewe. Nikasema moyoni, heri, anakwenda kuona wajukuu. Nikatoa sanduku, nikapanga nguo za kulalia, dawa, viatu vya mvua, na picha ya marehemu mumewe nikaiviringishia sweta isivunjike.

Alipoamka akalikuta sanduku mlangoni. Sijawahi kuona uso ukinyauka vile. Akakaa kitandani, akasema, "So you've decided." Yaani, mmeshaamua. Colin akaingia na mkate wake, akaganda.

"Nani amemwambia?" akaniuliza.

"Si wewe? Umesema anapanda. Nikajua anapanda treni ya London."

Bi Doreen akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Kumbe kwao ni namna ya kusema mtu anazeeka bila kulitaja neno lenyewe, na ile "leave" ni kwamba jambo halifai kuahirishwa tena. Lakini Colin hakucheka. Akakiri kwamba ni kweli alikuwa ameshamtafutia mama yake nafasi katika nyumba ya wazee huko kwao, bila kumwambia. Kicheko kikamkatika yule bibi, sasa akalia kilio chenyewe, nami nikalia naye. Nilimwonea huruma sana. Hata Colin, masikini, nilimwonea huruma, maana anaogopa mama yake asije akaanguka ngazini naye yuko mbali.

Bibi alipotulia akaniuliza, kwenu mtu wa umri wangu mnamwitaje? Nikamwambia, mtu mzima. Akataka maana yake. Nikamweleza: mzima, asiyepungua kitu, kama kikombe kisicho na ufa. Akalirudia neno polepole, ulimi ukimpinda, kisha akamgeukia mwanawe.

"Then ask me," akasema. Basi niulize.

Colin akavuta kiti, akamuuliza. Waliongea hadi chai ikapoa. Sijui wataishia wapi, maana bibi mwenyewe anakiri ngazi zinamshinda. Huenda akatafuta nyumba ya chini, hapahapa mjini. Ila sanduku aliniamuru nilifungue, na ile picha akairudisha ukutani kwa mkono wake.

Kwenye tramu ya kurudi nilikuwaza wewe tu. Kaka si mtu mbaya, Mama. Ulipolazwa alilala sakafuni kando ya kitanda chako. Ana hofu, nami ninayo. Lakini katika yote aliyoniambia Jumapili, sikusikia hata neno moja lililotoka kwako.

Nisalimie Shangazi Mwanaidi na maandazi yake, Mjomba Hamza fundi baiskeli, na jirani yetu Mama Zuhura anayekuchotea maji. Kaka nitampigia, ila si kabla ya kupata jibu lako.

Mama, wewe unataka kukaa wapi?

Mwanao akupendaye,
Rehema