Rangi za Nje za Nyumba ya Bi. Lai

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Brinchang, tarehe 15 Mei 2019

Jina: Foong Sze Yin
Umri: Miaka 18
Kazi: Msaidizi katika nyumba ya wageni ya familia, nimemaliza shule mwaka jana
Makazi: Nyumba hiyohiyo, kwenye njia inayopanda kwenda mashamba ya chai

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naishi na bibi yangu mzaa baba, Bi. Lai Nyuk Moi, mwenye umri wa miaka 79, pamoja na baba yangu mkubwa, Foong Kok Weng, na mkewe, Mama Mkubwa. Wazazi wangu wanafanya kazi Singapore. Nyumba ni mali ya Bibi. Ni ya mtindo wa Tudor, wa nyumba za kale za Waingereza: kuta nyeupe na mbao nyeusi zilizokatizana, ingawa nyingi si mbao, ni saruji iliyopakwa rangi. Babu alifariki mwezi wa nne, na bado tuko ndani ya siku mia za msiba, ambazo kwa desturi yetu nyekundu, rangi ya furaha, haitumiwi.

Mwanzoni mwa mwezi huu Bibi alisema nyumba ipakwe rangi upya kwa nje, na mimi nichague, kwa kuwa shuleni nilisoma sanaa. Nilipaka viraka vya majaribio kwenye ukuta wa nyuma, nikawa naviangalia asubuhi na jioni, kwa sababu ukungu wetu hubadilisha rangi. Nyeupe ilionekana kama maziwa yaliyotiwa maji. Rangi ya siagi ilibaki vilevile. Bibi akaipenda hiyo kwa kuta, na kwa mbao akapenda nyekundu ya tofali la zamani.

Baba Mkubwa alikataa. Alisema, "Nyekundu ndani ya siku mia? Majirani watasema tumefurahi mzee kufa." Tena, alisema, maharusi kutoka Kuala Lumpur huja kupiga picha mbele ya nyumba, na wao wanataka nyeupe na nyeusi.

Mama Mkubwa alicheka. "Rangi ya siagi! Mama anataka nyumba au mkate?"

Bibi akamjibu, "Bora mkate kuliko jeneza. Nyumba hii imevaa msiba tangu siku niliyoolewa."

"Basi subiri siku mia ziishe, Mama," Baba Mkubwa akasema.

"Na kama zitanikuta nimekwisha mimi?"

Baada ya hapo kila mmoja aliniita pembeni. Bibi alisema, "Mwambie ni wewe uliyeipenda. Mimi nikisema, atawaambia watu nimezeeka." Baba Mkubwa alisema, "Wewe ndiye msanii wetu. Sema nyeupe na nyeusi, Bibi atakusikiliza." Kwa kawaida mimi si msemaji.

Mnamo tarehe 14 Mei, saa tatu asubuhi hivi, nilimpelekea Bibi uji wake wa mchele chumbani, ghorofani. Wakati anakula nilisikia hatua za Baba Mkubwa. Nazijua kwa sababu huburuta kandambili. Zikasimama mlangoni, kisha nikasikia ufunguo ukizungushwa. Nilijaribu kitasa, hakikufunguka. Niliita, "Baba Mkubwa?" Hatua zikashuka ngazi.

Bibi aliweka kijiko chini. Akasema, "Atarudi. Ni mwanangu."

Muda mfupi baadaye mafundi rangi walianza kazi nje. Karatasi ya nailoni iliteremshwa mbele ya dirisha na kubandikwa kwa gundi pembe zote. Kupitia nailoni niliona kivuli cha rola ya rangi kikipanda na kushuka. Rangi iliyopakwa ilikuwa nyeupe. Bibi naye aliiona. Alilisogelea dirisha akaweka kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo.

Walipoanza kupaka mbao walitumia rangi ya mafuta, na harufu ikaingia. Nilijaribu kufungua dirisha. Lilikuwa limegandishwa na rangi ya zamani kwa nje. Bibi ana pumu na dawa yake ya kuvuta ilikuwa jikoni. Alianza kukohoa.

Alisema, "Piga kelele, Yin."

Nilisema, "Bibi, nitasemaje?"

"Sema lolote! Au sauti yako uliiacha shuleni?"

Nilipiga kioo kwa bakuli la uji na kupiga kelele. Sijawahi kupiga kelele vile. Nailoni ikachanwa, nikaona uso wa fundi, Bw. Thanabal, akiwa juu ya ngazi. Akasema, "Mungu wangu, mmo ndani? Bosi kasema mmekwenda Ipoh!" Akashuka akimwita Baba Mkubwa kwa sauti.

Nilisikia kandambili zikija, kisha ufunguo ukazungushwa tena na mlango ukafunguka. Bibi alikuwa amekaa sakafuni na midomo yake imebadilika rangi. Bw. Thanabal ndiye aliyembeba hadi kwenye gari. Baba Mkubwa alimwambia, "Mlango uligandishwa na rangi." Mafundi wengine wawili walikuwepo.

Hospitalini, Baba Mkubwa alikaa kando yangu. Akasema, "Mlango uligandishwa na rangi, umesikia? Mambo madogo ya nyumbani hayapelekwi nje." Akasema, "Mama yako yuko mbali, Yin. Fikiria leo utalala wapi." Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameninunulia maji ya kunywa.

Koplo anayeandika maelezo haya ameniuliza kama nina hakika kuhusu mlango. Nina hakika. Rangi iliyonunuliwa ilikuwa ya nje. Mlango wa chumba cha Bibi uko ndani, na haukuguswa na brashi siku hiyo wala siku nyingine yoyote mwezi huu. Unaweza kwenda kuugusa.

Daktari amesema Bibi anaweza kuruhusiwa kesho. Akirudishwa nyumbani atarudi kwenye chumba kilekile, na ufunguo ni uleule, na anayeushika ni yuleyule. Baba Mkubwa alinilea na sina chuki naye. Lakini ufunguo nilisikia ukizungushwa mara mbili.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Sina la kuongeza wala la kuondoa.

Sahihi: Foong Sze Yin

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye akayakubali. Alizungumza kwa sauti ya chini na mara kadhaa nilimwomba arudie. Kila mara alirudia maneno yaleyale. Bw. Foong Kok Weng alikuwa akisubiri kwenye benchi la nje ili ampeleke nyumbani. Shahidi ameomba apelekwe hospitali kwa gari la polisi, akakae na bibi yake. Nimekubali. Tumetoka kwa mlango wa mbele, tukapita mbele ya benchi hilo. Hakutaka ule wa nyuma.

Koplo Suriani binti Mat Zin